UZI: Mhandisi mchanga kwenye leseni za vinu vya nyuklia. Kazi yenyewe ikoje, na mtu wa Arusha anaanzia wapi?

Chalii wa Njiro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu majirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda waanze kutangaza mipango ya umeme wa nyuklia, na Misri wamwage zege la kinu cha kwanza cha El-Dabaa Julai 2022, wahandisi wachanga wa huku kwetu wanaulizia sana fani hii. Wengi wanaota kukaa chumba cha kuongozea kinu. Kitengo cha leseni hakuna anayekiota, na akikisikia anadhani ni masjala. Uzi huu ni wa hicho kitengo.

Kazi iko hivi. Mwombaji anamwambia mdhibiti: kinu changu ni salama kwa sababu hii, hii na hii. Mdhibiti akikubali, kila sababu aliyoitaja inamfunga kwa muda wote wa leseni. Marekani leseni ya kwanza ni miaka 40, na inaweza kuongezwa 20 kila mara. Sasa mle ndani ya kituo lazima awepo mtu anayejua nini kiliahidiwa, kiko ukurasa gani, kinasimama juu ya hesabu ipi, na kikiguswa nani apewe taarifa. Mtu huyo ndiye mhandisi wa leseni.

Utakabidhiwa ripoti ya uchambuzi wa usalama. Ni mzigo. Maombi ya kampuni ya NuScale ya kuidhinishiwa muundo wa kinu chao kule Marekani yalikaribia kurasa 12,000. Usianze ukurasa wa kwanza. Ukifuata mpangilio wa NUREG-0800, ambao ni mwongozo wa wakaguzi wa NRC (mdhibiti wa nyuklia wa Marekani) wenye sura 19, anza na sura ya 15, ya ajali. Humo utakuta dhana zote: pampu inatoa lita ngapi, vali inafunga kwa sekunde ngapi, jenereta ya dizeli inawaka baada ya muda gani. Kisha rudi sura ya 6 (mifumo ya dharura), ya 7 (vipimo na udhibiti) na ya 8 (umeme) uone kama vifaa vyenyewe vinaweza hayo. Malizia sura ya 16, masharti ya kiufundi ya uendeshaji, uone vinapimwa kila baada ya muda gani. Sura ya 15 inakopa, zile nyingine zinalipa. Makosa mengi yamejificha pale deni na malipo visipolingana.

La pili, jua ngazi za maandishi, maana kila ngazi ina mlango wake wa kubadilishia:

- Sheria na kanuni. Hubadilishi. Unaomba msamaha rasmi, yaani ruhusa ya kutofuata kifungu fulani, na husogei mpaka upewe.
- Leseni pamoja na masharti ya kiufundi. Unaomba marekebisho, kwa Marekani chini ya kanuni ya 10 CFR 50.90, na husogei mpaka ujibiwe.
- Ripoti ya uchambuzi wa usalama. Unaweza kubadilisha bila ruhusa, lakini mpaka upite kipimo cha 10 CFR 50.59.
- Ahadi za kwenye barua. Zina utaratibu wake wa ndani, na rejesta yake.

Kijana asiyejua sentensi anayoigusa iko ngazi gani atasumbua kila mtu kuanzia mhandisi wa pampu hadi mwanasheria.

---

ngarenaro_1

Mzee baba umeipamba, ila bado ni makaratasi. Mtu kapigika na themodainamiki miaka minne aje kupanga rejesta? Fani itaoza hiyo.

---

Fundi Kiborloni

Ngarenaro, haiozi, labda mwenyewe uamue kuilaza. Chukua mfano huu, namba ni za mfano lakini mtindo ndio wenyewe.

Vali ya kutenga bomba linalopita ukuta wa jengo la kinu imechakaa. Ile ya zamani ilikuwa inafunga kwa sekunde 10. Kiwanda hakiitengenezi tena, mpya inafunga kwa 12. Uchambuzi wa ajali unasema vali iwe imefunga ndani ya sekunde 25. Mhandisi mchanga anatoa 12 kwenye 25, anapata akiba ya sekunde 13, anasaini.

Kakosea. Zile 25 zinahesabiwa tangu kipimo kifike kiwango cha kutoa ishara, si tangu vali ianze kusogea. Ndani yake kuna sekunde 2 za ishara kupita kwenye makabati. Kuna sekunde 10 za jenereta ya dizeli kuwaka na kubeba mzigo, kwa sababu uchambuzi unadhani umeme wa gridi umekatika papo hapo. Ndipo vali inaanza kufunga. Ya zamani: 2 + 10 + 10 = 22, akiba 3. Mpya: 24, akiba 1. Na hiyo 1 bado hujaondoa kosa la saa ya kupimia, wala ugumu wa kusogea unaoongezeka vali ikikaa miaka bila kuguswa, wala volti kushuka dizeli inapobebeshwa pampu kubwa.

Halafu kabla ya hesabu yote hiyo, fungua sura ya 16. Kama masharti ya kiufundi yameandika "sekunde 10", mjadala umeisha. Hata kama 12 ni salama kabisa, hiyo ni 50.90, unaomba na kusubiri. Mtu asiyejua umeme, vali na mtiririko wa maji hawezi kazi hii. Anayejua hivyo vyote lakini hajui sura ya 16 naye haiwezi.

---

tengeru_volti

Fundi hapo umeshusha nondo. Hicho kipimo cha 50.59 kinakuwaje? Ni fomu ya kuweka alama ya vema tu?

---

Fundi Kiborloni

Fomu ipo, ila ukiijaza kwa alama za vema utaumbuka. Kwanza unachuja: je, badiliko linagusa kazi ya kifaa iliyoelezwa kwenye ripoti, au namna inavyotekelezwa, au njia ya kukokotoa iliyotumika? Kama halina athari mbaya kwa lolote kati ya hayo, unaandika sababu, unafunga jalada. Kama linayo, unajibu maswali manane. Manne ya kwanza ni ya kuongezeka: uwezekano wa ajali, uwezekano wa kifaa cha usalama kuharibika, madhara ya ajali, madhara ya kifaa kuharibika. Mawili ni ya mambo mapya: ajali ya aina nyingine, au kifaa kuharibika kwa matokeo ambayo ripoti haikuyafikiria. La saba ni kama kikomo cha ukuta wa kuzuia mionzi kimevukwa au kubadilishwa, mfano zile nyuzi 1,204 za Selsiasi kwenye ganda la fueli. La nane ni kama umeacha njia ya uchambuzi iliyokubaliwa. "Ndiyo" moja tu inakupeleka kuomba marekebisho ya leseni.

Vijana hukwama zaidi la sita na la nane. La sita kwa sababu wanaangalia kifaa kipya kinafanya nini kikiwa kizima. Angalia kinakufaje. Ukitoa rilei za zamani nne ukaweka kadi za kidijitali nne zenye programu moja, rilei ziliharibika moja moja, kadi zinaweza kufa zote nne kwa hitilafu moja ya programu. La nane kwa sababu programu mpya ya kompyuta ikitoa jibu zuri zaidi, kijana anafurahi. Jibu zuri lililotokana na njia ambayo mdhibiti hajaikubali ndilo hasa linalokatazwa.

Someni habari za San Onofre, California. Waliweka jenereta mpya za mvuke mwaka 2010 na 2011, na sehemu kubwa ya mabadiliko ya muundo ilionekana inapita kwa 50.59. Januari 2012 mrija ukavuja kwenye kinu cha 3. Ilibainika mirija inatetemeka na kusuguana, kwa sababu hesabu za usanifu zilikadiria kasi ya mvuke ndogo kuliko ilivyo. Juni 2013 kituo kikafungwa moja kwa moja. Neno "ni badala ya kile kile" lisome mara mbili kila unapoletewa.

---

Mzee Sekei

Wanangu, nimewasoma. Nyongeza yangu ni upande wa barua.

Mdhibiti akisoma maombi hutuma maswali rasmi ya kutaka taarifa za ziada. Kwa NRC muda wa kujibu kwa kawaida ni siku 30. Siku hizo haziwatoshi wanaoanza kuandika siku ya 20. Wiki ya kwanza ni ya kuelewa swali, na si vibaya kuomba kikao cha ufafanuzi. Wiki mbili ni za hesabu na uhakiki. Zilizobaki ni za saini.

Jibu zuri mpangilio wake uko hivi: swali limenukuliwa lote bila kupunguzwa, aya ya kwanza inajibu moja kwa moja, kisha ushahidi, ukiwa na namba ya hesabu na toleo lake, kisha kurasa za ripoti zitakazobadilika, zikionyesha kilichofutwa na kilichoongezwa, mwisho kauli kama kuna ahadi mpya au hakuna. Ukinukuu hesabu ambayo bado ni rasimu, umekwisha. Rasimu ikibadilika baada ya barua kutoka, barua imekuwa ya uongo.

Hapo kwenye uongo tusimame kidogo. Kifungu cha 10 CFR 50.9 kinataka taarifa ziwe kamili na sahihi kwa kila jambo lenye uzito. Mwaka 2001 NRC iliwauliza wenye vinu kuhusu nyufa kwenye mirija ya kifuniko cha kinu. Davis-Besse, Ohio, walijibu kwa barua wakieleza ukaguzi waliofanya huko nyuma, wakaruhusiwa kuendelea hadi Februari 2002. Machi 2002 walikuta asidi ya boroni imekula chuma cha kifuniko chenye unene wa zaidi ya sm 16, ikabaki ngozi ya chuma cha pua isiyofika sm 1 kuzuia maji ya kinu. Ukaguzi wa nyuma haukuwa umeona kifuniko chote, sehemu ilikuwa imefunikwa na mabaki ya boroni, na barua hazikusema hivyo wazi. Mwaka 2006 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 28, na wahandisi walifikishwa mahakamani kwa ajili ya maandishi yale.

Kwa hiyo ukiletewa sentensi "kifuniko kilikaguliwa chote", wewe wa leseni uliza: video iko wapi, inaonyesha mirija mingapi kati ya mingapi, nani aliitazama? Usipopata majibu, sentensi haitoki. Wakubwa wako watakasirika. Waache wakasirike.

---

tengeru_volti

Shikamoo mzee. Nimekupata vizuri.

Sasa huku kwetu hakuna kinu. Mtu aliye Arusha au Moshi anajifunzia wapi mambo haya kwa vitendo, asiishie kusoma ya California?

---

BiZege

Mdogo wangu, kinu hakuna lakini leseni za mionzi zipo. Sheria ya Nguvu za Atomi Na. 7 ya 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), na ofisi zake za Njiro unazijua. Mashine za eksirei, vyanzo vya mionzi vya viwandani, tiba ya saratani, vyote vinapita kwenye leseni. Ukubwa ni mdogo, mantiki ni ile ile: dai, dhana, ushahidi, uthibitisho.

Banka, yaani chumba chenye kuta nene za kuzuia mionzi, ya mashine ya tiba ya mionzi ya megavolti 6 (MV 6) ni darasa tosha. Fanya hesabu ya ukuta mkuu, ule unaopigwa na mwanga wa mionzi moja kwa moja, kwa njia ya NCRP 151, mwongozo wa Marekani wa kinga za vyumba hivyo:

Wagonjwa 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, grei 3 (kipimo cha dozi ya mionzi) kila mmoja: mzigo wa kazi ni grei 450 kwa wiki kwenye mita 1. Nje ya ukuta wanapita watu wa kawaida, kikomo chao ni milisieverti 1 kwa mwaka, yaani 0.02 kwa wiki. Umbali kutoka chanzo hadi sm 30 nje ya ukuta, mita 6. Mashine inaelekea ukuta huo robo ya muda. Kuna mtu pale muda wote. Basi ukuta uruhusu sehemu hii tu ya mionzi (milisieverti 0.02 ni sieverti 0.00002, na 36 ni 6 × 6):

0.00002 × 36 ÷ (450 × 0.25 × 1) = 0.0000064

Hiyo ni kupunguza mara kumi kwa awamu 5.19. Kwa zege la kawaida awamu ya kwanza inataka sm 37, zinazofuata sm 33 kila moja. 37 + 4.19 × 33 = sm 175.

Hapo mwanafunzi anafunga daftari. Mhandisi wa leseni ndiyo kwanza anafungua. Zile 37 na 33 ni za zege lenye uzito wa gramu 2.35 kwa sentimita ya ujazo. Nani kasema zege la hapa litafika 2.35? Tuko chini ya Meru, mawe ya volkano yamejaa, mengine mazito sawasawa, mengine yana vitundu kama mkate. Ukipata 2.2, ukuta unatakiwa uwe sm 187. Tofauti ya sm 12 kwa kokoto tu.

Kwa hiyo kwenye maombi usiandike "zege la kawaida" ukaondoka. Andika uzito, namna ya kuupima na lini. Na robo ya muda nayo ni dhana. Hospitali ikibadilisha aina ya matibabu, mashine ikaelekea ukuta ule mara nyingi zaidi, leseni imeguswa hata kama hakuna tofali lililosogezwa.

---

ngarenaro_1

Aisee hii ya kokoto sikuwa nimeiwaza. Inapimwaje saiti bila maabara kubwa?

---

BiZege

Kwa mizani na vile vile vibumba vya kupimia nguvu. Kibumba cha mm 150 kina ujazo wa lita 3.375. Zege la 2.35 litakupa kilo 7.93. La 2.2 litakupa kilo 7.43. Nusu kilo inaonekana hata kwenye mizani ya kawaida, ila tumia iliyothibitishwa, na uandike namba yake ya uthibitisho kwenye fomu. Pima kila mzigo wa zege unaoingia ukuta mkuu. Mchanganyiko wa jana si ushahidi wa leo.

Vingine vinavyoharibu banka: fundi umeme kupitisha bomba la nyaya moja kwa moja ukutani badala ya kulipinda au kulilaza mshazari, zege kumwagwa kwa siku mbili bila kuandaa kiungo, vaibreta kukosa mafuta katikati ya kazi, pakabaki mashimo nyuma ya nondo, na upana wa ukuta mnene kusahaulika. Mwanga wa mionzi mpana kabisa, sm 40 kwa 40 kwenye mita 1, ukiuzungusha nyuzi 45 unakuwa sm 57, unapanuka kadiri unavyoenda mbali, na ukuta mnene lazima uuzidi kwa sm 30 kila upande.

Hayo si ya banka tu. Vogtle, Georgia, mwaka 2012 nondo za msingi wa jengo la kinu zilifungwa kwa namna isiyolingana na kiwango kilichotajwa kwenye muundo ulioidhinishwa. Ikabidi waombe marekebisho ya leseni, na zege la msingi wa kinu cha 3 likamwagwa Machi 2013.

---

Chalii wa Njiro

BiZege asante sana. Mimi naongeza zoezi la sura ya 2, eneo la ujenzi. Jifanye umeombwa kuchambua eneo la kufikirika kati ya Arusha na Moshi. SSG-21, mwongozo wa hatari za volkano wa IAEA (Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki), inakutaka uanze na volkano zote za ukanda zisizozidi umri wa miaka milioni 10. Hapa utakusanya mpaka uchoke. Meru ilitoa moto mara ya mwisho 1910. Ol Doinyo Lengai ililipuka 2007 hadi 2008, na Julai 2007 kulikuwa na mfululizo wa matetemeko upande wa Gelai, kubwa lake 5.9.

Kisha tenganisha yanayoweza kuhimiliwa kwa usanifu na yanayokataa eneo. Lava, mawingu ya moto na mafuriko ya tope la volkano yakifika kiwanjani, unatafuta kiwanja kingine. Majivu yanaweza kusanifiwa, lakini usiishie kwenye uzito wa paa. Sm 10 za majivu makavu ni kama kilo 100 kwa mita ya mraba, na yakinyeshewa uzito unaweza kufika mara mbili. Majivu hayo hayo yaliyolowa yanapitisha umeme juu ya vikombe vya nguzo, gridi inakatika. Unawasha dizeli, na chujio la hewa la dizeli linaziba. Tukio moja limekunyang'anya gridi na mbadala wake kwa pamoja. Ukiliona hilo bila kuambiwa, kazi hii unaiweza.

---

tengeru_volti

Swali la mwisho mkuu. Nyaraka za kweli zinapatikana bure? Mimi ni mtu wa umeme.

---

Chalii wa Njiro

Bure kabisa. Viwango vya IAEA vinapakuliwa kwenye tovuti yao. Barua za NRC ziko kwenye hifadhi yao ya ADAMS, wazi kwa umma, isipokuwa za siri za kibiashara na za ulinzi. Soma kwa seti ya vitu vitatu: sura ya maombi, maswali ya mdhibiti juu ya sura hiyo, na ripoti ya tathmini aliyoitoa mwishoni. Ukisoma maombi peke yake utadhani kila kitu kilipita kiulaini.

Kwa mtu wa umeme, chukua sura ya 8 ya NuScale. Wanadai muundo wao hauhitaji umeme wa AC wa daraja la usalama, yaani hata zile dizeli za dharura hazimo kwenye utetezi wao. Kabla hujafungua maswali ya NRC, andika ya kwako kumi kuhusu betri, vali na taa za chumba cha kuongozea. Yabandike hapa, BiZege na Fundi watayapitia.